Kipande Kinachobaki

Mhadhara wa wazi, Kisii mjini



Niliombwa nizungumzie upimaji wa vinasaba katika uvimbe wa ubongo. Nilipoisoma mada hiyo kwenye barua nilijua kwamba nikiingia nayo hivyo hivyo, nusu ya ukumbi italala kabla ya chai. Kwa hiyo nitaanzia nyumbani, kwa omobari.

Vijana huenda hamkumwona, lakini wazee mnamjua. Omobari alikuwa fundi wa kichwa wa Abagusii. Mtu akipigwa rungu au akianguka, na maumivu ya kichwa yakagoma kuondoka miezi na miezi, alipelekwa kwake. Alikalishwa nje penye mwanga, ngozi ya kichwa ikapasuliwa, kisha mfupa ukakwanguliwa taratibu mpaka ufa uishe, wakati mwingine mpaka utando wa ubongo uonekane. Fundi mzuri aliuheshimu utando ule, hakuugusa. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwafuatilia mafundi hawa na kuandika habari zao. Mwaka 1985 David Furnas na wenzake wakawaandikia madaktari wa upasuaji wa dunia nzima juu ya Abagusii na vichwa vyao. Wengi hutujua kwa ndizi na mawe ya Tabaka. Sisi tuliwahi kujulikana pia kwa kufungua fuvu.

Sisemi haya ili mtu atoke hapa akamtafute omobari. Nataka mtazame kilichotokea baada ya kukwangua. Unga wa mfupa ulipeperuka, damu ikafutwa kwa majani, mgonjwa akarudishwa kwake. Ikiwa maumivu yale yalitoka kwenye uvimbe, siyo kwenye ufa, omobari hakuwa na njia ya kujua, na aliyekuja nyuma yake hakuwa na cha kutazama. Watu hudhani kilichomtenga omobari na daktari wa leo ni kisu, au ganzi. Mimi naona ni hiki: leo kuna kipande kinachobaki. Nitazungumza juu ya kipande hicho tu, ambacho kwa kawaida hakizidi punje ya mahindi.

Tuseme ni mwalimu wa miaka 38 kutoka Borabu. Anaanza kuanguka kifafa ukubwani, jambo ambalo halijawahi kuwa kwao. Kwanza anaombewa, kisha jirani anatajwa kwa uchawi, kisha miezi sita imepita. Hatimaye anapigwa picha ya kichwa na kinaonekana kivuli upande wa kulia. Hapo familia husema, "Ugonjwa umejulikana." Haujajulikana. Picha imeonyesha mahali tu. Katika nchi hii kivuli kama kile kinaweza kuwa uvimbe wa kifua kikuu, kinaweza kuwa kifuko cha lava wa tegu wa nguruwe, kinaweza kuwa maambukizi kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na kinaweza kuwa saratani. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haimsaidii mwenye kingine. Ndiyo maana mwalimu yule atatumwa Kisumu, Eldoret, Kijabe au Nairobi, apasuliwe, kipande kitolewe.

Ubongo ni laini. Anayetaka kujua ulaini wake abonyeze avokado iliyoiva kupita kiasi. Kipande kilichotoka mwilini kinaanza kuoza palepale, kwa kuwa seli zenyewe zina vimeng'enya vya kujimeng'enya zikikosa damu. Kwa hiyo hutiwa kwenye dawa ya kuhifadhi iitwayo formalini. Aliyetuonyesha kazi hiyo ya formalini ni Ferdinand Blum wa Frankfurt, mwaka 1893. Alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake mwenyewe inakakamaa. Mwingine angenawa mikono akaendelea na kazi. Yeye alijiuliza kama nyama nyingine nayo ingekakamaa hivyo.

Formalini huzishona protini zikashikana, kila kitu kikaganda mahali pake. Baada ya hapo kipande hupitishwa kwenye pombe kukitoa maji, kisha kwenye zailini, kisha huzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa nyuzi zipatazo 60. Nta ikipoa, tunabaki na kibonge cheupe chenye doa katikati, kidogo kuliko kiberiti. Maabara hukiita bloku. Fundi hukikata kwa kisu cha mashine katika ngozi nyembamba, unene wa maikroni nne hivi, ambazo huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa. Anaziopoa kwa kioo, anazipaka rangi ya zambarau na ya waridi, na mwanapatholojia anainamia hadubini.

Kwa zaidi ya miaka 100 kazi iliishia hapo. Tulitazama umbo la seli na rangi yake, tukatoa jina. Nami niliyefundishwa namna hiyo nakiri kwamba jicho hudanganywa. Uvimbe mmoja, madaktari wawili walioiva, majina mawili. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya vimbe za ubongo mwaka 1979, na matoleo yote yaliyofuata kabla ya 2016 yalijengwa juu ya jicho. Mwaka 2016 ndipo orodha ilipotamka kwamba baadhi ya majina hayawezi kutolewa bila kupima vinasaba, na toleo la 2021 likaenda mbele zaidi.

Kilichotikisa mambo ni ugunduzi wa mwaka 2008 juu ya jeni iitwayo IDH1. Katika jeni hiyo, herufi moja tu ya maandishi ya DNA inabadilika: palipokuwa na G panakuwa na A. Herufi moja! Lakini kimeng'enya kinachotengenezwa na maandishi yale kinaharibika tabia, kinaanza kutoa kemikali ngeni inayovuruga namna seli inavyosoma jeni zake nyingine. Ajabu ni kwamba mwenye kosa hilo huwa na nafuu. Watu wawili wanaweza kuwa na vimbe zinazofanana chini ya hadubini, mmoja ana badiliko la IDH, mwingine hana. Asiyekuwa nalo mara nyingi ana uvimbe mkali uitwao glioblastoma, na hata kwa mionzi na dawa ya temozolomaidi, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki kufikia miezi 14.6. Mwenye badiliko la IDH, na juu yake amepoteza mkono mfupi wa kromosomu ya 1 pamoja na mkono mrefu wa kromosomu ya 19, ana uvimbe uitwao oligodendroglioma. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa wa namna hii waliopewa mionzi pekee waliishi wastani wa kati wa miaka 7.3. Waliopewa mionzi pamoja na dawa tatu za zamani walifika miaka 14.7. Moja ya dawa hizo tatu ni vinkristini, ambayo wadi za watoto za Kenya zimeitumia miaka mingi kwa saratani ya Burkitt. Siyo dawa ya ajabu ya mwezini.

Miezi kumi na minne, au miaka kumi na minne. Mwalimu yule wa Borabu ana watoto shuleni na mkopo wa SACCO. Jibu hilo linaamua kama anauza shamba la chai au haliuzi, kama anaomba kustaafu au anarudi darasani. Mtu akiniambia upimaji wa vinasaba ni anasa ya Wazungu, namuuliza kama amewahi kukaa na familia inayopiga hesabu hiyo bila kujua wanagawanya kwa namba gani.

Basi DNA ndani ya bloku iko katika hali gani? Mbaya, kusema kweli. Formalini ile ile inayozuia kuoza huikata DNA vipande vifupi, na huandika herufi za uongo: C huharibika ikasomeka kama T. Ni kama daftari lililokatwa vipande vya mstari mmoja mmoja, na mtoto akapitia baadhi yake kwa kalamu. Lakini kama unajua mstari unaoutafuta, utaupata. Mbinu za maabara zimetengenezwa kusoma vipande vifupi, na kuna vimeng'enya vya kusafisha sehemu kubwa ya zile herufi za uongo kabla ya kusoma.

Anayetilia shaka uwezo wa bloku atazame jirani zetu Wakongo. Mwaka 1960, katika hospitali moja ya Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mama mmoja alitolewa tezi, ikatiwa dawa na kuzamishwa katika nta. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia neno UKIMWI. Bloku ilikaa katika idara ya patholojia karibu miaka 50. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake, wakiwamo wanapatholojia wa Kinshasa, walichapisha kwamba ndani ya nta ile wamekuta vipande vya virusi vya UKIMWI, na kwa kuvilinganisha na virusi vingine vya kale wakaonyesha kwamba virusi hivyo vilikuwa vikienea kati ya watu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2020 bloku nyingine, ya 1966, ikatoa karibu maandishi yote ya virusi. Hilo ni joto la Kinshasa na vita vyake na umeme wake wa kukatika, na bado nta ilitunza siri. Kwa hiyo kabati la patholojia la hospitali ya rufaa si stoo ya takataka. Napenda hilo liingie vichwani mwa wanaotutengea vyumba.

Sasa niwaambie kosa ambalo nimelishika kwa mikono yangu. Miaka iliyopita nililetewa kipande cha ubongo kutoka hospitali moja, sitaitaja. Kilikuja kwenye chupa ya maji ya kunywa, mdomo mwembamba. Kilipoingizwa kilikuwa laini, kikapita. Kilipofika kwangu kilikuwa kimelainika na kuvimba, hakitoki kizima. Nililazimika kuikata chupa kwa makasi ya jikoni. Ndani hamkuwa na formalini, kulikuwa na maji ya chumvi, na kibandiko kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino, kikalowa. Niliweza kusoma "Mama" na herufi mbili. Kipande kilitoka Ijumaa, kikanifikia Jumatano.  Seli zilikuwa vivuli na DNA haikusomeka. Fuvu lilikuwa limefunguliwa, gharama zimelipwa, hatari imepitiwa, na jibu langu lilikuwa mstari mmoja: tishu haifai kwa uchunguzi.

Wakati huohuo mbinu za kusoma vinasaba zinakwenda mbele. Huko Heidelberg, Ujerumani, kuna kundi lililochapisha mwaka 2018 mbinu ya kuusoma uvimbe kwa alama za methili, zile chembe za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA. Walikusanya sampuli 2,801 wakafundisha kompyuta kuzipambanua katika makundi 82 ya vimbe, na walipoijaribu kwa wagonjwa wapya, hadi asilimia 12 walibadilishiwa jina la ugonjwa. Inafanya kazi hata kwa bloku. Ni kazi nzuri sana. Lakini isingekuwa na la kusema juu ya ile chupa yangu ya maji.

Ndiyo maana nagombana na wenzangu wanaosema tungoje mashine. Jibu la vinasaba huanza kupotea au kuokoka katika saa ya kwanza, mikononi mwa muuguzi wa thieta. Chombo kiwe na mdomo mpana. Formalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, kwa sababu isiyosawazishwa hugeuka asidi ikaila DNA. Iwe nyingi kama mara kumi ya kipande. Huzama polepole, takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kwa hiyo kipande kikubwa kikatwe. Kisikae humo chini ya saa 6, na baada ya saa 72 kiwe kimetoka, kwa maana kadiri kinavyozidi kukaa ndivyo DNA inavyozidi kukatika. Na saa ya kutolewa mwilini iandikwe kwa penseli, isiyolowa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mkopo wa serikali.

Bloku ikishapatikana, safari ni rahisi kuliko mnavyodhani. Haihitaji barafu. Kifurushi kinaweza kupanda basi la usiku kutoka Kisii hadi Nairobi pamoja na mikungu ya ndizi, mradi kisiwekwe juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, maana nta ni nta. Kinachosafiri ni ugonjwa, mgonjwa anabaki kwake Nyamira akinywa uji wake.

Wala upimaji hauanzii kwenye mashine ya mamilioni. Kingamwili iliyotengenezwa Heidelberg mwaka 2009 hulishika lile umbo la IDH1 lililoharibika na kulitia rangi ya kahawia juu ya slaidi ya kawaida. Hukamata takriban tisa katika kila kumi ya mabadiliko ya IDH. Orodha ya Shirika la Afya Duniani inakubali kwamba mgonjwa wa miaka 55 au zaidi, mwenye sura kamili ya glioblastoma na asiyekuwa na historia ya uvimbe mwepesi zaidi, rangi hiyo isipotokea anaweza kupewa jina la glioblastoma bila kusomewa DNA. Kuna kingamwili nyingine ya badiliko la protini iitwayo H3, linalowapata hasa watoto, katika shina la ubongo. Kwa kingamwili nne au tano, maabara nzuri ya patholojia inajibu sehemu kubwa ya maswali. Na pale isipoweza, orodha imeweka mlango wa unyenyekevu: unaandika jina la jumla na kuongeza kwamba halikubainishwa zaidi. Mimi namwamini zaidi daktari anayeandika hivyo kuliko anayebahatisha jina zuri.

Hata kusoma DNA kwenyewe si kitu kigeni kwetu. Mashine za GeneXpert zinazotambua kifua kikuu katika hospitali za kaunti zinafanya kazi ya vinasaba kila siku, ila hatuziiti hivyo. Wakati wa Korona, watafiti wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi walisoma jenomu za virusi kwa mashine za nanopore, zile ambazo ndogo yao inaingia mfukoni. Na mwaka 2023 madaktari wa Uholanzi walionyesha kwamba mashine ya jamii hiyo inaweza kuutambua uvimbe wa ubongo kwa chini ya dakika 90, kichwa cha mgonjwa kikiwa bado wazi, ingawa wao walitumia tishu mbichi, siyo ya nta. Kwangu mimi hiyo ni habari ya kesho. Leo nataka formalini.

Kuna swali nililoulizwa na omogaka, mzee mmoja, ambalo limenikaa. Mkewe alikuwa amefariki baada ya upasuaji, wakamzika nyumbani upande wake, kama ilivyo desturi. Miezi minne baadaye akaja kwangu na fimbo yake akaniuliza, "Daktari, kile mlichomtoa kichwani kiko wapi? Nilimzika akiwa amepungua?" Nilimwambia, "Kipo, tata. Kipo kabatini, kina namba." Alitaka kukiona. Nilimtolea bloku, akaishika kwa vidole viwili kuelekea dirishani, akanyamaza sana. Kisha akauliza kama kitamsaidia binti yake, ambaye naye huumwa na kichwa. Nikamweleza kwamba vimbe nyingi za ubongo hazirithiwi, lakini akiwahi kuhitaji kujua ya mama yake, kipo. Akasema basi kikae.

Mzee yule alitoa idhini bora kuliko fomu nyingi nilizowahi kuona zikitiwa sahihi. Nayasema haya kwa sababu bloku zetu zina thamani nje ya nchi, na watafiti watazitaka, na ni haki wazitake. Lakini familia iulizwe kwa lugha inayoelewa, na maabara ya hapa isibaki kuwa mahali pa kufungia vifurushi tu.

Nimemaliza. Ninaomba mambo mawili kwa waliomo ukumbini. Wewe ambaye ndugu yako alipasuliwa kichwa, tafuta karatasi ya patholojia iliyo chini ya godoro au ndani ya Biblia, utaona namba ya bloku imeandikwa juu pembeni. Inakili kwenye simu yako leo, kisha hospitali ile uiulize kama bloku bado wanayo. Na wewe muuguzi wa thieta, ukishakitia kipande kwenye formalini, andika saa.